Mikono iliyolegea: maana na matumizi ya kitenzi cha Kiebrania *rafa* katika Agano la Kale

0. Utangulizi

Katika Agano la Kale la Kiebrania kimo kitenzi ambacho msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana nacho mara nyingi pasipo kukitambua, kwa kuwa hakivai vazi moja katika tafsiri. Mahali pengine huwa «kulegea», pengine «kuwa dhaifu», pengine «kuacha», pengine «kupungukia», na pengine «uvivu». Kitenzi hicho ni *rafa*. Kimetumika mara arobaini na zaidi kidogo, katika masimulizi, katika sheria, kwa manabii, katika zaburi na katika vitabu vya hekima.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba maana hizo zote, ingawa zaonekana kutawanyika, zatoka katika picha moja: mkono uliokuwa umekaza, kisha ukapoteza mkazo wake. La pili ni kwamba Kiswahili, kwa utajiri wa minyambuliko yake, kinao uwezo wa kuifuata picha hiyo kwa karibu. Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Kwa sababu ya kitenzi hiki mtu mmoja alitupwa shimoni, na kwa sababu ya kutokielewa sawasawa aya mojawapo mashuhuri ya Zaburi imesomwa kwa karne nyingi kana kwamba yahusu kunyamaza, hali yahusu kuachilia.

1. Umbo la kitenzi na jirani yake

Mzizi wa *rafa* huandikwa kwa konsonanti tatu: *resh*, *pe* na *he*. Hiyo *he* ya mwisho ni ya maandishi tu. Haitamkwi kama konsonanti, na katika maumbo mengi hutoweka. Ndiyo maana mwanafunzi anayeanza Kiebrania hupata taabu kutambua kwamba *heref*, *yirpu*, *arpenu* na *mitrape* ni watoto wa mama mmoja.

Taabu huzidi kwa sababu ya jirani yake. Kuna mzizi mwingine, *resh*, *pe* na *alefu*, wenye maana ya kuponya. Matamshi ya mizizi hii miwili yakaribiana sana, na waandishi wa kale waliweza kubadilishana herufi ya mwisho. Katika Yeremia 6:14 nabii awalaumu viongozi wanaoliponya jeraha la watu kwa juujuu, na kitenzi kimeandikwa kwa *alefu* kama inavyotakiwa. Lawama hiyohiyo yarudiwa katika Yeremia 8:11, lakini safari hii *alefu* haimo, na neno laonekana kama lile la kulegeza. Kinyume chake ni Yeremia 38:4: hapo kitenzi cha kulegeza kimeandikwa kwa *alefu*, na anayefuata maandishi peke yake angesoma kwamba Yeremia «anaiponya» mikono ya askari, ambapo washitaki wake wasema kwamba anailegeza. Katika hali kama hii muktadha ndio mwamuzi, si herufi.

Yafaa kuongeza kwamba wanafunzi wa Kiebrania wanalijua neno la ukoo huu hata kabla ya kukutana na kitenzi chenyewe. Mstari mdogo ulalao ambao waandishi wa zamani waliuweka juu ya konsonanti fulani, kuonyesha kwamba itamkwe kwa ulaini na si kwa mkazo, huitwa *rafe*, yaani «iliyolegezwa».

2. Maana ya msingi

Kiungo kinachoandamana na *rafa* kuliko vingine ni mkono. Katika 2 Samweli 4:1 mwana wa Sauli apata habari kwamba Abneri, jemadari aliyekuwa nguzo yake, amekufa huko Hebroni, na mara hiyo mikono yake yalegea. Manabii waitumia picha hiyo wanapoeleza watu wanaosikia habari za jeshi linalokuja: Isaya 13:7, Yeremia 6:24, Ezekieli 7:17. Mikono iliyolegea si mikono iliyochoka kwa kazi. Ni mikono ambayo tumaini limeitoka.

Hata hivyo si mikono tu inayolegea. Katika Ezekieli 1:24-25 viumbe wenye mabawa, wanaposimama, huyashusha mabawa yao, na kitenzi ni hichohicho. Katika Waamuzi 19:9 baba mkwe amwomba Mlawi asiondoke kwa kuwa mchana «umelegea» kuelekea jioni. Mswahili angesema mchana umeinama au jua limeshuka. Katika Isaya 5:24 majani makavu hulegea na kuzama ndani ya mwali wa moto. Katika Waamuzi 8:3 watu wa Efraimu wamemkasirikia Gideoni kwa kutowaita vitani; yeye awajibu kwa maneno ya upole, na roho yao «yalegea» kutoka juu yake, yaani ghadhabu yao yatulia.

Mifano hii yasaidia kupata kiini cha maana. Katika kila mmoja kuna kitu kilichokuwa kimeinuka au kimekaza: mkono, bawa, jua, jani, hasira. Kitu hicho hupoteza mkazo kisha hushuka. Kwa hiyo *rafa* halielezi udhaifu wa kuzaliwa nao, wala halielezi utulivu wa daima. Laeleza mpito kutoka hali ya mkazo kwenda hali ya kutokaza. Kinyume chake katika Kiebrania ni *hazak*, kuwa na nguvu au kushika kwa nguvu. Musa anapowatuma wapelelezi, Hesabu 13:18, awaagiza watazame kama wenyeji wa nchi ni *hazak* au *rafe*: wamekaza au wamelegea.

3. Kauli za Kiebrania na minyambuliko ya Kiswahili

Kiebrania, kama Kiswahili, hubadili umbo la kitenzi ili kuonyesha ni nani atendaye na ni nani atendewaye. Kitenzi *rafa* chapatikana katika kauli tano, na kila moja ina mwenzake katika Kiswahili, ingawa si kila mara mwenzake wa kweli kabisa.

(a) Kauli ya Kali, ambayo ni ya msingi: *-legea*. Hapa hakuna mtenda anayetajwa. Mikono yenyewe hulegea, mchana wenyewe huinama.

(b) Kauli ya Pieli, ambayo hapa ni ya kusababisha: *-legeza*. Ayubu 12:21 yamhusu Mungu anayelegeza mkanda wa wenye nguvu. Aliyejifunga kibwebwe kwa vita hufunguliwa na kubaki bila utayari. Ndiyo kauli ya Yeremia 38:4 na Ezra 4:4, ambazo zitazungumziwa hapa chini.

(c) Kauli ya Hitpaeli, yenye maana ya kujitendea: *-jilegeza*. Hapa ulinganifu ni wa kustaajabisha, kwani kiambishi *ji* cha Kiswahili chafanya kazi ileile. Kauli hii yatokea mara tatu tu. Katika Yoshua 18:3 makabila saba bado hayajautwaa urithi wao, na Yoshua awauliza watajilegeza hata lini. Mithali 18:9 yamfanya mtu anayejilegeza katika kazi yake kuwa ndugu wa mharibifu. Mithali 24:10 yamhusu anayejilegeza siku ya taabu. Katika zote tatu lawama ni halali, kwa kuwa mtu amejilegeza mwenyewe pasipo kulegezwa na mwingine.

(d) Kauli ya Nifali: *kuwa mlegevu*. Yapatikana mahali pawili, Kutoka 5:8 na 5:17, na pote anayesema ni Farao. Waebrania wameomba ruhusa ya kwenda kumtolea Mungu wao dhabihu. Farao aamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu ya matofali isipunguzwe, kwa kuwa wao ni walegevu. Msomaji ajiulize ni nani atoaye sifa hiyo: ni mwenye mjeledi. Anayetumikishwa akiomba kupumua, bwana wake humwita mlegevu.

(e) Kauli ya Hifili, ambayo pia ni ya kusababisha, lakini mara nyingi mtenda na mwenye mkono ni mmoja: mtu hulegeza mkono wake mwenyewe na kitu kikamtoka. Kwa hiyo maana yake huwa kuacha, kuachilia, kukoma. Katika Kiswahili kinachofaa zaidi ni *-achilia* kuliko *-acha*. Tofauti si ndogo. Mtu aweza kuacha kitu ambacho hakuwahi kukishika, kama vile kuacha njia au kuacha mji. Bali kuachilia ni kwa kitu kilichokuwa mkononi: kamba, ndege, mfungwa.

4. Kushika na kutoachilia

Ushahidi bora wa maana hii ya Hifili ni aya zinazoweka *rafa* pamoja na kitenzi cha kushika. Katika Mithali 4:13 mwana ahimizwa ayakamate mafundisho wala asiyaachilie. Katika Ayubu 27:6 Ayubu aapa kwamba ameikamata haki yake na hataiachilia. Katika Wimbo Ulio Bora 3:4 mwanamke aliyekuwa akimtafuta mpenzi wake mjini usiku ampata, amshika, na akataa kumwachilia. Kwa mwanafunzi wa hekima, kwa mtu wa mateso na kwa mpenzi pia, kitenzi cha kushika huunda jozi na *rafa*, ingawa kitenzi hicho cha kushika si kilekile katika aya zote, na katika jozi hiyo *rafa* ni kitendo cha vidole kufunguka.

Yafaa basi kurudi kwenye ahadi iliyo katika Kumbukumbu la Torati 31:6 na 31:8, na katika Yoshua 1:5. Hapo Kiebrania chatumia vitenzi viwili vya kukanusha, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza ni *rafa* katika Hifili, cha pili ni *azav*, yaani kuacha na kwenda zako. Tafsiri ya Muungano ya 1952 iliweka «kupungukia» kwa cha kwanza na «kuacha» kwa cha pili. Neno «kupungukia» ni zuri na wasomaji wamelizoea, lakini laleta picha ya akiba inayokwisha. Picha ya Kiebrania ni nyingine: Mungu amemshika mtu mkono na halegezi vidole. Hatua mbili za kutengwa zakataliwa kwa utaratibu, kwanza kuachilia mkono, kisha kwenda na kumwacha mtu nyuma. Mfasiri anayeandika «hatakuachilia wala hatakuacha» angehifadhi utaratibu huo, ingawa angelazimika kuvumilia mlio wa maneno mawili ya mzizi mmoja.

Kinyume cha ahadi hiyo ni ombi, na Hifili hutumika pia mtu anapotaka kuachiliwa. Ayubu, katika 7:19, alalamika kwamba Mungu hamwachilii hata kwa muda wa kumeza mate. Binti wa Yeftha, Waamuzi 11:37, amwomba baba yake amwachilie miezi miwili akaulilie ujana wake milimani. Wazee wa Yabeshi, 1 Samweli 11:3, waomba kuachiliwa siku saba na adui aliyewazingira. Ni maombi ya watu walio mikononi mwa mwenye nguvu kuwapita. Hawaombi wema mkubwa. Waomba mkono ulegezwe kidogo.

5. Shitaka la kulegeza mikono

Kitenzi hiki kina pia historia ya kisiasa, na hapo ndipo uzito wake waonekana. Wababeli walipouzingira Yerusalemu, katika vita vilivyomalizika kwa kuanguka kwa mji mwaka 587 au 586 K.K., Yeremia aliwaambia watu kwamba atakayebaki mjini atakufa, na atakayetoka na kujisalimisha ataishi. Wakuu walikwenda kwa mfalme Sedekia wakataka auawe. Hawakudai kwamba asema uongo. Walidai kwamba analegeza mikono ya askari waliobaki na mikono ya watu wote (Yeremia 38:4). Mfalme hakuwa na nguvu ya kuwapinga. Yeremia akashushwa kwa kamba katika shimo la maji lililobaki na matope tu, hata alipookolewa na Ebedmeleki Mkushi.

Kwamba hayo hayakuwa maneno ya kitabu tu, bali lugha ya siku zile, kwajulikana kutokana na uchimbuzi wa Tell ed-Duweir, mahali panapotambuliwa kuwa Lakishi ya kale. Mwaka 1935 msafara ulioongozwa na James Leslie Starkey uligundua huko vigae vilivyoandikwa kwa wino, ambavyo Harry Torczyner alivichapisha mwaka 1938. Ni barua za kijeshi za miaka ya mwisho ya ufalme wa Yuda. Katika barua ya sita, ambayo sehemu zake zimefutika, mwandishi amlalamikia mkubwa wake kuhusu maneno ya watu fulani yasiyo mema, kwa kuwa yalegeza mikono. Kitenzi ni *rafa*, na mikono imetajwa pamoja nacho kama katika kitabu cha Yeremia. Haijulikani kwa hakika ni nani aliyelaumiwa, na wataalamu waliojaribu kumwona Yeremia mwenyewe katika barua hizo walikwenda mbali kuliko ushahidi. Lililo hakika ni kwamba usemi huo ulikuwa midomoni mwa maafisa, na kwamba ulikuwa shitaka zito.

Baada ya uhamisho usemi huo hubadilisha upande. Katika Ezra 4:4 wenyeji wa nchi wailegeza mikono ya Wayahudi wanaojenga upya hekalu. Nehemia, aliyejenga ukuta, asimulia katika 6:9 kwamba adui zake walitumaini mikono ya wajenzi italegea na kazi isimalizike. Hapo kulegeza mikono ni silaha ya vitisho na barua.

Tukiziweka aya hizi pamoja na maneno ya Farao, twaona kwamba kitenzi chenyewe hakina hukumu ndani yake. Hukumu hutegemea mikono ile imeshika nini. Mkono ulioshika mwiko wa kujengea ukilegezwa, ni hasara. Mkono ulioshika upanga katika vita ambavyo nabii ameona havina ushindi ukilegezwa, wakuu husema ni uhaini, na nabii husema ni uhai.

6. Zaburi ya 46

Kwa msingi huo yawezekana kuikabili aya iliyoleta mabishano mengi: Zaburi 46:11 kwa hesabu ya Kiebrania, 46:10 katika Biblia ya Kiswahili. Inaanza na neno moja la amri, *harpu*, Hifili ya wingi, kisha amri ya pili ya kujua. Tafsiri ya Kigiriki ya kale iliweka kitenzi cha kuwa na nafasi, na Kilatini kilichotoka katika Kigiriki hicho kiliweka *vacate*. Jerome, alipofasiri tena kutoka Kiebrania, aliweka *cessate*, yaani komeni. Luther na tafsiri ya Kiingereza ya 1611 walichagua maneno ya kutulia na kunyamaza, na kwa njia hiyo aya ikawa wito wa sala ya kimya. Segond, katika Kifaransa, alirudia njia ya Jerome kwa neno *Arrêtez*. Tafsiri ya Muungano iliweka «Acheni».

Sababu tatu zaonyesha kwamba Jerome, Segond na wafasiri wa Muungano wako karibu zaidi na Kiebrania.

Ya kwanza ni ya msamiati. Kiebrania kina vitenzi vyake vya kunyamaza, na Zaburi ya 37 yaviweka bayana. Katika aya ya 7 msomaji aambiwa anyamaze mbele ya Mungu, kwa kitenzi *damam*. Katika aya ya 8 aambiwa aachilie hasira, kwa *rafa*. Mtunzi aliyetumia vitenzi viwili katika aya mbili zinazofuatana alijua kwamba si kitu kimoja.

Ya pili ni ya sarufi. Amri ya *rafa* bila kutaja kitu kinachoachiliwa yapatikana pia katika 1 Samweli 15:16. Sauli anajitetea kwa maneno mengi kuhusu kondoo na ng'ombe alioambiwa awaangamize. Samweli amkata maneno kwa neno moja, *heref*, kisha aongeza kwamba atamwambia aliyoyasikia usiku. Muundo ni uleule: koma, kisha pokea habari. Si sauti ya kubembeleza, bali ni ya kuzuia, kama Mswahili anavyosema «Acha!» kwa mtu aliyeinua fimbo.

Ya tatu ni ya muktadha. Aya iliyotangulia yahusu Mungu anayekomesha vita hata mwisho wa dunia, anayevunja upinde na kukata mkuki. Baada ya silaha kuvunjwa, yafuata amri ya kulegeza mikono. Katika 2 Samweli 24:16 malaika aliyenyosha mkono wake juu ya Yerusalemu aamriwa kwa Hifili hiyohiyo, na hapo neno «mkono» limetajwa wazi: aulegeze mkono wake. Katika Zaburi mkono haukutajwa, lakini upinde na mkuki vimetajwa, na msikilizaji wa Kiebrania hakuhitaji kuambiwa vilikuwa vimeshikwa na nini. Kama amri hii yaelekezwa kwa mataifa yanayovamia au kwa Israeli wenyewe, wafafanuzi hawakubaliani. Kwa vyovyote yaelekezwa kwa watu wenye silaha mikononi.

Kwa hiyo «Acheni» ni fasiri njema. Upungufu wake ni mmoja: kwa kuwa *-acha* ni kitenzi kipana, msomaji asiyeitazama aya ya nyuma hatajua aache nini. Mhubiri au mwalimu anayeieleza aweza kusaidia kwa kusema «achilieni», au hata «shusheni mikono».

7. Hitimisho

Kitenzi *rafa* kimeonyesha umoja wa maana chini ya wingi wa fasiri. Mkono wa aliyekata tamaa, bawa lililoshushwa, mchana ulioinama, hasira iliyotulia, mfungwa aliyeachiliwa na askari aliyeshusha upinde wote wapitia mlango mmoja wa mkazo uliolegea. Kauli tano za Kiebrania zaeleza ni nani aliyelegeza, na Kiswahili chaweza kuzifuata kwa *-legea*, *-legeza*, *-jilegeza*, *-legevu* na *-achilia*.

Kwa wanafunzi wa isimu na wa ufasiri funzo ni hili: kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, haitoshi kutafuta maana ya mzizi katika kamusi. Yapasa kuuliza kauli ni ipi, mwenye mkono ni nani, mkono umeshika nini, na ni nani anayesema. Farao aliwaita walegevu watu waliokuwa wakifyatua matofali yake. Wakuu wa Yerusalemu walimshitaki kwa kulegeza mikono mtu aliyetaka askari wao waishi. Na katika Zaburi, kitenzi hichohicho chawaagiza wenye silaha wazishushe.